Mti Wangu Haujawahi Kumeza Kidonge

Toumba Vondou,
Mtengenezaji pekee wa dawa ya "Nguvu ya Babu",
Kijiji cha Mayo-Tchelé, nyuma ya ghala la pamba lililobomoka,
Njia ya kwenda Guider.

Tarehe 9 Juni, mvua ya tatu imeshanyesha.

Kwa Mkurugenzi wa Maabara ya Kupima Vyakula na Dawa, mjini.

YAH: MALALAMIKO JUU YA MTI WANGU KUSINGIZIWA

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mashine yako nayo inaendelea vizuri, maana ugomvi wangu ni na hiyo mashine zaidi kuliko na wewe. Mimi sijambo kabisa. Nina miaka sabini na minane, nina meno kumi na tisa, yote ya kwangu, na jana nimelima mistari mingapi sitaki kusema, usije ukadhani najisifu.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa shule alitaka kuniandikia, nikamwambia aende zake. Nilisoma mpaka darasa la pili, nikafaulu, nikaacha kwa sababu niliona yaliyobaki ni marudio. Ukikuta herufi imesimama vibaya, ujue ni kalamu.

Kwanza unifahamu. Mimi ndiye ninayechimba, ninayechemsha, ninayechuja na kuuza dawa ya mizizi iitwayo Nguvu ya Babu. Mzizi wenyewe ni wa mti wa bakurehi ulioko nyuma ya nyumba yangu. Dawa hii inatibu mgongo, kiuno, homa, uchovu wa shamba, na aibu ya kusema mbele za watu. Nimeiuza soko la Guider miaka thelathini na mmoja, mahali pale pale, katikati ya mchoma nyama na fundi cherehani, ambapo moshi wa nyama unawaita watu na turubai la fundi linawapa kivuli cha kunisikiliza. Kila chupa ina karatasi yenye picha yangu nimevaa tai. Tai ilikuwa ya kuazima, lakini uso ni wangu.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mwezi wa tatu watu wako walikuja sokoni wakanunua chupa mbili kama wateja. Mwezi wa nne wakarudi na askari, wakazoa chupa arobaini na sita, wakabandika karatasi juu ya meza yangu. Karatasi inasema dawa yangu imekutwa na tramadoli, yaani dawa kali ya maumivu inayopanda kichwani na kumfanya mtu asisikie uchovu, ambayo haiuzwi bila cheti cha daktari. Na inasema "inashukiwa" kwamba mimi nimetia vidonge vyake kwenye chupa, kisha nikawadanganya watu kuwa ni mizizi.

Toka siku hiyo meza imefungwa. Mwenyekiti wa soko, Yaya Djoda, amenitangazia mbele ya watu kwamba nisipoleta barua yako ya kunisafisha kabla ya soko la mwisho la mwezi huu, mahali pangu atapewa Bouba Garga, muuza vitana na betri. Kisha akanionea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonichoma. Akasema, "Mzee Toumba, wewe kiri tu. Sema uliteleza, shetani alikupitia. Tutakutafutia kona kule nyuma, uuze bamia kavu."

Bamia! Mimi!

Bouba Garga naye ameshakuja mara mbili kuipima meza yangu kwa kamba. Akiniona ananiamkia, "Habari za leo, daktari wa vidonge?" Nami namjibu, "Nzuri, mkwe wa betri zilizokufa." Lakini watu wanamcheka yeye kidogo, mimi wananicheka sana. Miaka thelathini na mmoja sijawahi kuchekwa pale.

Kwa hiyo nakuletea malalamiko yangu kwa namba, maana nasikia watu wa maabara hamwelewi jambo lisilokuwa na namba.

1. Mlinunua kwangu kwa hila. Binti yenu, yule Salamatou mwenye miwani, alikuja mezani kwangu ameshika kiuno, akasema, "Baba, mgongo unaniua." Nikamwonea huruma, nikamchagulia chupa iliyojaa mpaka shingoni, nikamwambia anywe vijiko vitatu na asiiname mpaka Alhamisi. Kumbe mgongo mzima! Akaondoka amenyooka kama mlingoti, akaipeleka dawa yangu ikanywewe na mashine. Mtu akidanganya kwamba ana mgongo, siku mgongo ukimjia kweli atamwambia nani? Namwombea usimjie.

2. Hakuna aliyeonja. Hili nimemuuliza Salamatou mwenyewe nilipokutana naye mara ya pili. Nikamwambia, "Mwanangu, ilikuwaje ladha yake?" Akasema, "Baba, sisi hatuonji, mashine ndiyo inayosoma." Ndugu Mkurugenzi, umewahi kumwona hakimu wa kupika anayetoa hukumu bila kulamba mwiko? Babu yangu Todou, aliyegundua dawa hii, alikuwa na njia yake ya kupima. Alikuwa anakunywa mzizi asubuhi, anakaa mlangoni. Jua likizama hajafa, ni dawa. Alipima mizizi sitini kwa namna hiyo, akaishi miaka tisini, na hata hivyo hakufa kwa mzizi, alianguka kutoka juu ya ghala la mtama akimkimbiza mbuzi wa jirani. Mashine yako ina umri gani? Imewahi kumkimbiza mbuzi?

3. Hili ndilo kubwa, kaa vizuri. Mmenishuku natia vidonge. Nilikwenda kwa mkuu wa kijiji nikaapa mbele ya watu wote kwamba tangu nianze kazi hii sijatia kidonge hata kimoja, hata nusu, hata unga wake, ndani ya chupa ya Nguvu ya Babu. Nikakwambia kwa barua ya kwanza, ile fupi yenye hasira, kwamba kama mna shaka mje mchimbe wenyewe.

Nakupongeza kwa jambo moja, ulimtuma mtu. Akaja Salamatou na gari, na sanduku lenye barafu, na glavu nyeupe kama za mkunga. Kijiji kizima kilikuja. Mimi nilikaa pembeni nimeweka mikono kichwani kama mateka, ili asije mtu akasema nimegusa. Mke wangu Didja alimshikia viatu. Salamatou akachukua jembe akachimba mwenyewe, na nasema kwa haki, anachimba vizuri, mtu kamlea. Akakata mzizi mnene kama mkono, akaufunga kwenye mfuko, akaandika namba.

Didja akamuuliza, "Sasa mwanangu, hapo umemwona mume wangu ametia kitu?"

"Hapana, Mama."

"Na huo mti umeuona umefungua mdomo?"

Salamatou akacheka. "Hapana, Mama. Mti hauna mdomo."

"Basi tusubiri."

Tukasubiri wiki mbili. Barua yako ikaja. Nilimpa katekista aisome kwa sauti uwanjani, mara tatu, na mara ya tatu nilimlipa kuku. Inasema hivi, nainukuu: "Maabara imeshangazwa kukuta tramadoli ndani ya mzizi wenyewe." Ndani ya mzizi wenyewe! Mzizi uliokatwa na binti yenu, kwa jembe lake, kwa mikono ya glavu! Kisha mnaniandikia, "Tunaomba maelezo yako ndani ya siku thelathini."

Maelezo yangu ni haya: mti wangu haujawahi kumeza kidonge. Mti unaitengeneza hiyo tramadoli wenyewe, kama ng'ombe anavyotengeneza maziwa, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwa hiyo mimi sikutia kitu. Kwa hiyo meza yangu ifunguliwe. Ningeweza kuishia hapa, lakini mmenichokoza.

4. Salamatou alipanda pia mlimani akachimba bakurehi nyingine, ile inayoota mwituni, na huko mashine haikukuta kitu. Mmeandika kwamba hilo "linatatanisha". Linamtatanisha nani? Mimi na ndugu yangu Madi tumetoka tumbo moja, tumekula mtama wa chungu kimoja. Mimi mpaka leo nabeba gunia. Madi akinyanyua mwana mbuzi anakaa chini kupumua. Hata miti iko hivyo hivyo. Wa mlimani hauna mwenyewe, haujui unamfanyia nani kazi. Wangu unanisikia kila asubuhi nikikohoa, unajua ni wa ukoo gani. Mti wenye heshima zake unajitahidi.

5. Mmesema kiasi ni kidogo.

Ndugu Mkurugenzi, nimevumilia kuitwa mwongo, nimevumilia bamia, lakini hili lilininyima hamu ya kula siku mbili, na Didja alikuwa amepika majani ya follere kwa karanga. Mmeandika kwamba tramadoli iliyomo ni "kidogo mno, haitoshi kuleta athari". Haitoshi? Dangwé mwashi alikunywa vijiko vitatu akapandisha ukuta wa kanisa peke yake mpaka padri akamwomba ashuke. Mjane mmoja wa Figuil alikuja na fimbo, akarudi ameibeba begani. Mimi nilicheza ngoma ya matanga siku tatu, na marehemu hata hakuwa ndugu yangu. Kama kilichomo ni kidogo, basi mashine yenu ina kipimo kidogo. Naomba mpime tena, na safari hii mtumie mzizi wa upande wa mashariki, ulio mnene zaidi, na mwandike NYINGI kwa herufi kubwa. Hilo mlifanye huku mkikumbuka kwamba mimi sijatia kitu.

6. Sasa nawashitaki wengine kwenu. Nimefikiri sana juu ya jambo hili nikiwa shambani, na jua la huku linasaidia kufikiri. Kama tramadoli imo ndani ya mzizi wangu, na babu yangu alikuwa anauchemsha mzizi huo kabla ya huyo aliyetengeneza kidonge kuzaliwa, basi nani amemtia nani? Zamani za mashamba ya pamba ya kulazimishwa alipita hapa Mzungu mmoja mwenye kofia na daftari. Babu alimpa kikombe. Mzungu akanywa, akasema asante, akaomba kipande cha mzizi, akaondoka anatembea haraka kuliko alivyokuja. Hatukumwona tena. Baada ya muda, vidonge hivyo vikajaa duniani. Unaona mwenyewe.

Kwa hiyo mimi sikutia kidonge chao katika dawa yangu. Wao ndio waliotia dawa yangu katika kidonge chao, bila picha yangu, bila tai. Nakuomba upeleke askari kwenye maduka yote ya dawa ya mjini, wazoe tramadoli yote kwa kosa la kuchanganywa na bakurehi isiyosajiliwa, wabandike karatasi juu ya meza zao, na wapewe kona kule nyuma wauze bamia.

7. Hili la saba nimelifuta kwa ushauri wa mke wangu. Lilimhusu baba yake mwenyekiti wa soko.

8. Jina. Haifai kitu kilichogunduliwa Mayo-Tchelé kiitwe tramadoli, jina ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu analo. Napendekeza kiitwe Todoudoli kwa heshima ya babu. Kama hilo ni gumu kutamka, mimi ni mtu wa maelewano, kiitwe Toumbadoli. Na pale mlangoni mwa maabara, ambapo Salamatou amenieleza mmetundika picha za wakubwa, kuna msumari mmoja mtupu. Picha ninayo.

9. Mmeandika kwamba hakuna dawa ya namna hii inayoweza kuuzwa mpaka mtengenezaji wake asajiliwe. Mimi ni mchimbaji na mchemshaji. Mtengenezaji, kama tulivyokwisha kuona, ni mti. Nilichukua fomu yenu nikakaa mbele ya mti nikaijaza kwa uaminifu. Jina: Bakurehi. Mahali pa kazi: nyuma ya nyumba ya Toumba Vondou. Elimu: hana. Sahihi: nilibandika jani. Lakini kuna mstari unauliza "mtengenezaji mkuu na anwani yake". Kwa kufikiri kwangu, aliyeutengeneza mti ni Mungu, basi nilimwendea katekista kumuuliza anwani. Akanikasirikia mbele ya watoto wa kipaimara. Akasema, "Mzee Toumba, unataka kumsajilisha Mwenyezi Mungu kwa mkurugenzi wa maabara?" Nikamwambia, "Si mimi, ni fomu." Naomba unieleze niandike nini hapo, maana nafasi yenyewe ni ndogo.

10. Mkishakubali kwamba mmeanza kuwapima wenye nguvu, basi muwapime wote kwa haki. Nilimtazama Salamatou siku ile. Alichimba saa nzima bila kupumzika. Akapanda mlima saa sita mchana, dereva wake amelala garini mdomo wazi. Akashuka anaimba. Akala sahani mbili za ugali wa mtama, akamsaidia Didja kutwanga. Sasa mtu asiyesikia uchovu namna hii amekunywa nini? Dawa yangu hakunywa, alikwisha kuniambia hamuonji. Naomba apimwe. Apimwe na muhubiri wa kanisa la barabarani, anayesema saa nne mfululizo bila kumeza mate. Apimwe na Yaya Djoda, ambaye hajachoka kunisema tangu mwezi wa nne. Apimwe na mke wangu Didja, ambaye ana miaka sabini, anaamka kabla ya jogoo, na tangu nimwoe sijamsikia akisema amechoka, nami nilikuwa nadhani ni mapenzi.

Nilimsomea Didja hili la kumi. Alisema, "Mimi nimechoka tangu mwaka ule tulipooana. Wewe ndiye hukuuliza." Nimeliacha kama lilivyo, lakini jina lake mlifute kwenye orodha.

11. Naomba ulinzi wa mti. Tangu katekista aisome ile barua uwanjani, watu wananyemelea nyuma ya nyumba yangu na majembe. Juzi nimemkuta Bouba Garga mwenyewe amechuchumaa pale, eti anajisaidia. Nikamuuliza, "Unajisaidia na panga?" Akasema panga ni la nyoka. Huyu ndiye mtu anayeniita daktari wa vidonge! Ikiwa dawa yangu ni vidonge, mizizi ya nini? Nakuomba ulete askari mmoja wa kukaa chini ya mti, mwenye umri wa kutosha, asiyesinzia. Chakula chake ni juu yangu.

Basi, Ndugu Mkurugenzi, nimemwaga yote. Sasa nakwambia jambo moja bila namba, kwa sababu halina mzaha. Mimi sina shamba kubwa, sina mtoto serikalini. Nilicho nacho ni ile meza na watu kuamini kwamba ninachosema kimo ndani ya chupa, ndicho kilichomo. Wapo waliozaliwa wakanikuta pale, sasa wanawaleta watoto wao wanione. Yaya Djoda anataka nikiri, na wengi wananishauri vivyo hivyo, wanasema, "Mzee, neno moja tu, yaishe." Lakini nikikiri nimetia vidonge nitakuwa nimesema uongo mbele ya watu, ili nipate kona ya kuuzia bamia. Siwezi. Afadhali nikae nyumbani niangaliane na Didja. Ninachokuomba ni karatasi moja yenye muhuri, iseme: "Toumba Vondou hakutia kidonge katika dawa yake." Maneno hayo tu. Mengine yote, picha, jina, hata msumari, tunaweza kuzungumza polepole. Karatasi inifikie kabla ya soko la mwisho la mwezi, ambalo ni siku kumi na nane kuanzia leo.

Na ukweli wa kisayansi usiupoteze. Umeshathibitishwa na mashine yako mwenyewe. Ndani ya mzizi hakuna mkono wa mtu. Hakuna kidonge kilichopita pale. Ni mti, udongo na heshima ya ukoo wetu, basi.

Nisalimie wote hapo maabara. Msalimie sana Salamatou, mwambie Didja anamngoja, na lile sufuria aliloliacha limeoshwa. Msalimie dereva wake, akiamka. Isalimie mashine, uiambie sina kinyongo nayo, ni mgeni tu katika mambo ya mizizi. Wasalimie watoto wako na mkeo, na kama mna wazee wenye mgongo, uwape pole yangu, dawa wangeipata leo kama msingeifungia.

Ni mimi, ninayesimama wima bila fimbo,

Toumba Vondou
(sahihi, na kidole gumba pembeni kwa wasiosoma)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena kwa jambo dogo lisilohusiana na hayo ya juu. Nasikia hapo maabara mna pia mtaalamu wa mifugo. Naomba umuulize kuhusu maksai wangu wawili, Ole na Baleri. Mvua zimeanza na wamekataa kulima. Wanafika nusu ya mstari, wanalala na nira shingoni. Sababu naijua. Kama mkulima yeyote wa huku, kila msimu wa kulima nawapa vile vidonge vyekundu vya kulimia, vinne vinne, kwenye pumba za mtama, ili wasisikie jua wala uchovu. Mwaka huu askari wamewafukuza wachuuzi wote wa vidonge, havipatikani popote. Kwangu wamekula vidonge hivyo miaka kumi na miwili bila tatizo, na kila wakitoka kulima nawafunga chini ya ile bakurehi, kwa sababu ndicho kivuli pekee nilicho nacho. Wanakojoa hapo na kunya hapo, nami sizoi, nasukumia kwenye shina na kufukia kwa jembe. Mizizi inakunywa kila wanachomwaga, ndiyo maana mti wangu umenenepa kuliko ule wa mlimani. Nimepata kidonge kimoja kilichodondoka kwenye ufa wa hori, nimekitia humu ndani ya bahasha. Jina lake silijui. Tafadhali mkipime kwa ile mashine, mniandikie kinaitwaje, ili nijue nikakiulizie wapi.